Habari ya Kupeleka Siracusa

Siracusa, 3 Oktoba 2024

Ndugu yangu Lazare,

Salamu nyingi kutoka kisiwa cha Ortigia. Nilikuahidi nitaandika watalii wakipungua. Wamepungua, ila miguu yangu bado haijapata habari hiyo. Jana asubuhi nilizunguka na Wafaransa, mchana na Waingereza, na mama mmoja akaniuliza kama bahari ile ndiyo ileile tuliyoiona asubuhi. Nikamwambia ndiyo, mama, hapa tunayo moja tu.

Nikipita kwenye chemchemi ya Aretusa nakukumbuka. Wageni wote huwapiga picha bata. Wewe ulitazama mafunjo yaliyoota majini, ukasema kwa sauti, "Loo, hawa wamezungushia uzio majani ya mto Rusizi!" Nami nilikuwa nimeinua mwavuli wangu wa kuongozea kundi, Kiingereza kikanipotea, nikacheka kwa Kiswahili. Miaka yote niliyokaa mji huu, mtu aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kama mimi ananijia ndani ya kundi la kanisa kutoka Australia, amevaa kofia ya bluu kama wenzake wote!

Sasa niambie habari ya Pasaka. Ulisema utarudi na kundi la pili la "Nyayo za Paulo". Nimewawekea siku tatu, kama Paulo mwenyewe alivyokaa hapa siku tatu. Safari hii utaingia katika lile pango, Sikio la Dionisio. Mwezi wa sita ulibaki kwenye benchi chini ya mlimao, ukasema kifua kimekaza, wenzako wakaingia bila wewe. Hilo ni deni la macho.

Msalimie mkeo, mama Ikirezi, yule uliyesema anatia chumvi kwenye nanasi.

Ndugu yako,
Wilondja

*

Doonside, Sydney, 22 Oktoba 2024

Rispah, rafiki yangu na mdogo wangu,

Nakuandikia huko Dubbo kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na zamu yako ya wodini ingeharibika.

Leo Lazare ameletewa barua. Mwezi na nusu yuko kaburini, na postamani amemletea barua. Inatoka kwa yule Mkongomani aliyewaongoza kule Siracusa. Lazare alimtaja sana aliporudi. Alikuwa akitoka kazini Seven Hills anavua viatu nje na kuvigonga ukutani kama kambini, kutoa vumbi, na hapa hakuna vumbi, huku akinisimulia Wilondja kasema hivi, Wilondja kasema vile. Nilichoka kumsikia. Sasa natamani nimsikie tena.

Mtu huyu hajui. Anamngoja Lazare Pasaka. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, nimeshindwa. Unajua kwetu kifo hakisemwi kwa mtu aliye peke yake. Wanakwenda watu wawili, watatu, wanaketi, wanaomba maji, ndipo mkubwa anasema. Je, karatasi itaketi? Ataifungua amesimama mlangoni, ufunguo bado mkononi.

Nifanyeje?

Ninahazwe

*

Doonside, 24 Oktoba 2024

Ndugu Wilondja,

Amani iwe kwako. Mimi ni mke wa Lazare. Barua yako imefika salama, nimeisoma mimi, maana Lazare hawezi kushika kalamu kwa sasa. Hana maumivu. Amepumzika mahali patulivu penye miti.

Habari ya Pasaka sina jibu lake leo.

Nakuomba uniambie jambo moja. Hapo Siracusa uko na nani? Una ndugu karibu, au watu wa kanisani, au jirani anayeweza kuingia kwako na kuketi?

Ni kweli natia chumvi kwenye nanasi. Jaribu.

Ninahazwe, mama Ikirezi

*

Dubbo, 2 Novemba 2024

Mama Ikirezi,

Umenifanya ninunue stempu, mimi mtu wa WhatsApp. Mzee wa posta alinitazama kama nimetoka makumbusho.

Nimesoma nakala ya ulichomwandikia. "Hawezi kushika kalamu." "Amepumzika penye miti." Wakili gani amekufundisha? Hakuna uongo hata mmoja, na hakuna ukweli hata mmoja!

Sikiza, dada. Hapa wodini, mgonjwa akifariki na watu wake wako mbali, mimi ndiye napiga simu. Nasema jina langu, nasema jina la mgonjwa, nasema pole, nangoja. Ni kazi. Wengine ninaowapigia wako shambani juu ya trekta. Hakuna anayekufa kwa kuambiwa. Huyu Wilondja ni mwanaume mzima, ametembea kutoka Uvira mpaka Italia, atavumilia sentensi moja.

Mwambie. Halafu ule, halafu ulale. Na usinijibu eti "nimekula" kama ulikunywa chai.

Rispah

*

Siracusa, 15 Novemba 2024

Ndugu yangu Lazare,

Barua ya mke wako imenifikia. Nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena.

Anauliza niko na nani. Mwambie niko na watalii, na paka ambaye si wangu. Binamu yangu alihamia Lyon mwaka juzi. Misa nakwenda ya Kiitaliano, nakaa nyuma. Jirani yangu ni fundi viatu mzee, bwana Nunzio, tunasalimiana. Ndiyo hao.

Bon, basi. Kwa kuwa umepumzika, acha nikutembeze mimi. Ile benchi yako iache nyuma, teremka njia ya mawe, shika ukuta maana panateleza. Mkono wa kulia miti ya malimau, na harufu yake hukufuata. Palikuwa machimbo, wafungwa wakikata mawe ya kujengea mji, ndiyo maana kuta zimenyooka hivyo. Halafu unaliona: pango refu jembamba, limejikunja juu kama sikio la punda. Ndani ni baridi. Wageni wote hupiga makofi, au huimba, waone sauti inavyorudi. Mimi nawaambia wanong'one. Ukinong'ona mlangoni, aliye mwisho anasikia kama uko begani kwake. Watu wanasema mfalme Dionisio alikuwa akiwasikiliza wafungwa kwa njia hiyo. Sijui kama ni kweli. Jana, kundi lilipotoka, nilibaki nikataja jina lako taratibu. Lilikaa kidogo kabla ya kuondoka.

Mama Ikirezi akisoma haya, asisome yote kwa siku moja. Nitaandika tena. Kanisa kuu bado hatujaingia.

Wilondja

*

Doonside, 3 Desemba 2024

Rispah,

Joto limeanza, nyasi za mbele zimekauka, sina nguvu ya kumwagilia. Wilondja amejibu. Hana mtu. Ana fundi viatu wa kusalimiana naye na paka wa watu. Anamtembeza Lazare kwenye pango kwa maandishi, "shika ukuta, panateleza". Niliposoma pale nilishika meza.

Unasema hakuna anayekufa kwa kuambiwa. Sikukueleza nilivyoambiwa mimi. Ulinikuta nyumbani jioni, watu wamejaa, ukadhani ni wao walionipa habari. Hapana. Nilikuwa stesheni ya Doonside, nakwenda kazini. Simu ikalia, mwanamke wa hospitali, sauti nzuri, mpole kama wewe. Akasema jina lake, akasema jina la Lazare, akasema pole, akangoja. Nikamwambia thank you. Nilimshukuru, Rispah! Treni ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa. Ikaja nyingine. Kijana mmoja akaniomba nisogeze mkoba wangu akae, nikausogeza. Sikupiga kelele kwa sababu palikuwa na watu na hakuna aliyekuwa wangu. Mpaka leo kelele ile sijaipiga. Nikienda msibani kwa wengine nalia vizuri, kwa Lazare machozi hutoka kama bomba bovu, kidogo kidogo, wakati naosha vyombo.

Simlaumu yule mwanamke. Alifanya kazi yake. Lakini sitampa Wilondja nilichopewa.

Ninahazwe

*

Doonside, 5 Desemba 2024

Ndugu Wilondja,

Ahsante kwa Sikio la Dionisio. Nimelisoma kwa siku nne.

Lazare bado hawezi kuandika. Mimi nashukuru badala yake. Ukipata nafasi tuingie hilo kanisa kuu.

Huyo bwana Nunzio, anaweza kuja kwako kukaa kidogo, ukimwomba? Na binamu wa Lyon huja lini?

Mama Ikirezi

*

Siracusa, 28 Desemba 2024

Ndugu yangu Lazare,

Noeli imepita. Sasa mji ni wa wenyeji na upepo. Ukiongoza watalii wakati huu unapiga kelele mpaka koo linawasha, nao wanaitikia kwa kichwa bila kusikia kitu.

Tuingie kanisa kuu. Kwa nje ni kanisa tu, limepambwa. Lakini zunguka ubavuni: nguzo nene za mawe zimejitokeza ukutani. Ni za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, kabla hata Bwana Yesu hajazaliwa. Wakristo hawakulivunja. Walijenga ukuta kati ya nguzo na nguzo, wakaanza kusali. Mwavuli wangu nauelekeza pale na kusema, "Hawa walihamia nyumba ya watu bila kubadilisha boriti." Wamarekani hucheka. Nguzo moja imepinda kwa sababu ya tetemeko, na imebeba hivyohivyo mpaka leo. Mimi huweka kiganja juu yake kila siku, kwa mazoea, kama mtu anayemjulia hali mzee wa nyumba.

Sasa habari ya kazi. Kampuni moja ya meli za watalii imeniita mjini Messina, kazi ya msimu mzima, mkataba wa kweli, bima ya ugonjwa. Wanataka nianze Machi. Nimewaambia Pasaka nina wageni wangu kutoka Sydney, nimetoa neno. Wamesema niwajibu kabla Januari haijaisha. Nakungoja wewe. Ukiniambia "nenda", nitakwenda. Usiponiambia, nipo.

Namba ya ofisi yangu ya hapa nimeiandika chini, ikiwa kuna mtu wa kupiga.

Bwana Nunzio ana viti vizuri.

Wilondja

*

Dubbo, 18 Januari 2025

Mama Ikirezi,

Barua yako na nakala ya Messina zimefika. Nimezisoma kwenye gari nje ya hospitali, kiyoyozi kikiunguruma, nikachelewa zamu kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku kutoka Quakers Hill.

Kwanza, samahani kwa ile "sentensi moja". Tangu unisimulie habari ya stesheni, nikipiga simu wodini nauliza kwanza kuna nani hapo karibu. Wenzangu wanasema nimekuwa mrefu wa maneno.

Pili, nina mpango. Likizo yangu inaanza tarehe tatu Februari. Nilikuwa niende Kisumu, lakini ndugu yangu Owuor anasoma Catania, na hajaniona miaka mingi. Kutoka Catania mpaka Siracusa ni treni moja. Tutakwenda wawili, mimi na Owuor. Tutaketi. Tutaomba maji. Mimi Mjaluo, hayo siwezi kufundishwa, kwetu habari ya msiba hupelekwa na watu hivyohivyo, nilijisahaulisha tu.

Lakini angalia tarehe. Messina wanataka jibu kabla Januari haijaisha. Nikifika, kazi ile itakuwa imeondoka. Kuna namba ya ofisi hapo. Dakika mbili kwenye simu, anajua, anakwenda zake Messina na bima yake. Mimi naweza kupiga. Sema tu.

Amua wewe. Mimi niko radhi kwa vyote viwili.

Rispah

*

Doonside, 22 Januari 2025

Rispah,

Siku tatu namba ile iko juu ya friji. Jana niliinua simu. Kwao ilikuwa asubuhi. Nikamwona amesimama barabarani na mwavuli wake, watu wa kigeni wamemzunguka, wanangoja awaonyeshe nguzo.

Usimpigie. Nenda ukakae naye. Namnyima mtu kazi nzuri, najua, na hakuniomba nimfanyie hivyo. Mungu anisamehe nikiwa nimekosea. Sijui namna nyingine.

Mchukulie majani ya chai, yale ya Kenya.

Ninahazwe

*

Siracusa, 9 Februari 2025

Mama Ikirezi,

Naandika kwenye meza ya hoteli, soma polepole.

Tulijiunga na kundi lake la mchana bila kusema sisi ni nani. Nilitaka kwanza amalize kazi. Ni mwembamba, koti kubwa, mwavuli mwekundu uliovunjika ubavu mmoja. Alitupitisha sokoni, kanisa kuu, kwenye chemchemi. Anajua kazi yake. Kuna babu mmoja Mjerumani alikuwa akibaki nyuma, na Wilondja kila mara alisimama kujifanya anafunga kiatu mpaka babu afike.

Mwisho watalii wakamshukuru, wakatawanyika. Sisi tukabaki. Akatutazama.

"Nyinyi mnatoka wapi?" Kiingereza.

"Kenya," Owuor akasema.

Akageukia Kiswahili. "Kenya ya wapi?"

Nikasema, "Huyu ni wa Kisumu. Mimi ni wa Quakers Hill. Sydney."

Mama Ikirezi, mtu yule alikuwa anafunga mwavuli, akaacha katikati.

"Mmekuja wawili," akasema.

"Tumekuja wawili."

"Basi twendeni kwangu. Habari hii haisemwi kwenye upepo."

Ana chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Ndani viti vinne vizuri vya mbao vimepangwa, kitanda kimesukumwa ukutani kuvipa nafasi. Owuor, asiyejua kuzuia mdomo, akamwambia, "Mzee, unaishi peke yako na viti vinne?"

"Si vyangu. Nimeviazima kwa jirani tangu Desemba. Kila Jumapili ananiuliza kama wageni wangu wamefika. Nangoja, namwambia. Naye anasema, Wakongomani mna wageni wavivu."

Akatoka kumwita. Akaja mzee wa shati jeupe, amechana nywele kwa maji, akaketi kiti cha nne, hajui neno la Kiswahili, mikono magotini. Nikaomba maji. Wilondja akaleta.

Nami, nesi kwa miaka kumi na tisa, nikashika maneno ya wodini. Nikaanza, "I'm very sorry to tell you..."

Akainua mkono. "Kwa Kiswahili, dada. Nimengoja sana. Usinipe kwa Kiingereza."

Nikasema. Nikasema ndugu yetu Lazare Kubwimana hayupo, alianguka kazini Septemba, hakuugua muda mrefu, amezikwa vizuri, watu walijaa, mke wake ametutuma. Alilia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi, na bado nina hakika alijua. Bwana Nunzio hakuhitaji mkalimani. Alimshika shingo kwa nyuma, akabaki hivyo.

Tumekaa mpaka chai ilipokwisha. Owuor atarudi Jumamosi, bila mimi. Amesema mwenyewe.

Rispah

*

Siracusa, 12 Februari 2025

Mama Ikirezi,

Sasa nakuandikia wewe, kwa jina lako.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Uliuliza niko na nani. Kwetu Uvira swali hilo halina maana nyingine. Nikakaa nalo. Ningeweza kukujibu, "Mama, nimeelewa, pole." Lakini nilikuwa nani nijipe habari mwenyewe? Mtu ambaye hujaletewa kifo chake, kwako bado yuko hai kidogo, na huruhusiwi kumlilia. Nikaona pia kwamba ni wewe unayesoma. Nikasema, basi nimtembeze huyu anayesoma, mpaka watu wafike. Ndiyo maana sikukata barua.

Habari ya Messina, Rispah amenieleza unavyojilaumu. Acha. Niliwaandikia hapana mwenyewe, tarehe ya mwisho. Sikuwa na ruhusa ya kuvunja neno nililompa mtu ambaye sijaambiwa amekufa. Nilisikitika, sitakudanganya. Bima ile ingenifaa, magoti yangu ni ya mzee. Lakini ningekuwa Messina, wageni wangenikuta wapi, na viti vya nani?

Nimemlilia Lazare siku tatu. Bwana Nunzio huja baada ya kufunga kibanda, analeta machungwa, anamenya. Leo nimerudi kazini. Nilipofika kwenye benchi ya chini ya mlimao nilisimama kidogo, wakadhani ni mapumziko, wakanywa maji.

Sasa niruhusu nami nikuulize. Rispah yuko Dubbo. Watu wa msiba walikwisha kurudi makwao. Wewe, mama, hapo Doonside, uko na nani?

Wilondja

*

Doonside, 1 Machi 2025

Ndugu Wilondja,

Barua yako ilifika Jumatano. Nilikuwa nimeshika ufunguo.

Kundi la Pasaka halipo. Mchungaji Rénovat ameuliza kanisani Jumapili mbili, hakuna aliyeinua mkono. Watu wamechoka, na wengine hawataki kwenda bila Lazare, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha ndani ya basi. Siku zako tatu wape wageni wengine. Mimi sitakuja mwaka huu. Sikatai. Nimechoka tu, mwili na kila kitu.

Ulichoniuliza, nilianza kukijibu mara nyingi. Niliandika "niko sawa", nikafuta. Niliandika majina ya majirani, watu wa kusalimiana uzioni, nikafuta. Ukweli ni kwamba binti yangu Ikirezi anasomea ualimu Wagga. Baada ya maziko nilimwambia arudi shuleni upesi, asikose masomo, mama yuko imara. Tangu hapo tunaongea kwenye simu habari za mitihani na mvua. Yeye hataki kunichosha, mimi sitaki kumchosha. Hatujamlilia baba yake pamoja hata siku moja.

Jana nilimpigia. Nikamwuliza kwanza, "Uko na nani hapo?"

Akaanza kwa Kiingereza, haraka haraka, "Mum? Mum, what's happened? Who is it?" Nikajua kwamba analijua swali hilo. Hakuna aliyemfundisha, na analijua.

Nikamwambia hapana, mwanangu, hakuna kibaya kipya. Ni kile cha zamani. Njoo tukae.

Anafika kesho kwa treni ya mchana. Nitakwenda kumpokea mwenyewe. Nimeloweka maharage.

Ninahazwe